Uakari, guariba, maquisapa au leoncito: umfuate kima gani Amazoni?

Safari za Amazoni huuzwa kwa maneno mapana: mto mkubwa, msitu usio na mwisho, "kima wa kila aina". Mteja hulipa, hupanda ndege tatu nne, akifika ndipo anaambiwa kwamba yule kima mwenye uso mwekundu aliyemwona kwenye tangazo hayuko upande ule wa mto, wala hajawahi kuwako. Msitu wenyewe umeenea katika nchi nane na Guyana ya Ufaransa, na mito yake ni mipana kiasi kwamba kima wengi hawaivuki. Ukingo huu una jamii hii, ng'ambo kuna jamii nyingine. Ndiyo maana nashauri mambo yageuzwe: chagua kima kwanza, yeye ndiye akuchagulie nchi, mto na mwezi wa kwenda.

Na katika kumchagua, usianze na sura. Anza na mlo. Mla majani hana haraka, utamkuta alipolala. Mnywa utomvu amefungwa kwenye mti wake mmoja na mwongozaji anaujua mti huo. Mla matunda hukimbia siku nzima kutoka mti mmoja ulioiva hadi mwingine. Mvunja mbegu ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu hufuata matunda ambayo hata hayajaiva, juu ya maji, katika msitu ambao nusu ya mwaka hauna ardhi ya kukanyaga. Ukishajua anakula nini, umeshajua utatumia siku ngapi na utachoka kiasi gani.

Nimechukua wanne wanaoulizwa sana. Majina ni ya wenyeji, maana ndiyo utakayoyasikia ukiwa ndani ya mtumbwi: guariba, leoncito, maquisapa na uakari.

Kuna la kujiandaa nalo kabla hatujaingia. Aliyezoea Jozani, ambako kima punju hukaa juu ya kichwa chako pembeni ya njia, au aliyewaona mbega wa Arusha wakitafuna kwenye matawi ya chini, atasumbuka siku za mwanzo. Kule miti hufika mita 30 na zaidi, na kima wengi hawana sababu ya kushuka. Utakachokiona mara nyingi ni tumbo, mkia unaoning'inia na maganda yanayokudondokea. Darubini nzuri iwe ya kwanza kwenye orodha ya mizigo, kabla hata ya kamera.

Na pamoja na ugeni wao wote, asili yao ni huku kwetu. Meno ya kale yaliyopatikana Peru karibu na mpaka wa Brazil, na kutangazwa mwaka 2015, yanafanana na ya kima wa kale wa Afrika. Wazee wao walivuka Atlantiki, wakati huo ikiwa nyembamba kuliko leo, yamkini juu ya mafungu ya miti na udongo yaliyong'olewa na mafuriko, zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Kufika huko wakajipatia vitu ambavyo ndugu zao waliobaki Afrika hawana, kubwa likiwa mkia unaoshika tawi na kubeba uzito wa mwili mzima. Si wote wanne wenye mkia huo, na tofauti hiyo nayo itakusaidia kuchagua.

Guariba, mla majani

Peru wanamwita coto. Ni yule mwenye manyoya ya rangi ya shaba iliyoiva, dume lake kilo sita hadi tisa hivi, na sauti ambayo mgeni wa mara ya kwanza huapa kwamba ni ya mnyama mla watu. Ndani ya koo lake kuna mfupa uliotuna na kuwa na uwazi, ndio unaoikuza sauti. Alfajiri madume huanza, kundi la jirani hujibu, na ngurumo husikika kilomita tatu na zaidi.

Sababu ya makelele hayo ni mlo. Majani yako tele lakini hayana nguvu, na huchukua muda mrefu kusagika tumboni. Mnyama anayeishi kwa majani hawezi kupoteza nguvu kukimbizana na majirani mipakani, kwa hiyo hupiga kelele, kila kundi likajua jirani yuko wapi, kisha wote wanarudi kulala. Karibu robo tatu ya siku yake ni mapumziko. Ukimwona saa moja asubuhi kwenye mti fulani, una nafasi nzuri ya kumkuta hapo hapo saa sita mchana, mkia umezungushwa kwenye tawi, mikono inaning'inia.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao walitoa mwaka 2015 utafiti ambao waongozaji hupenda kuusimulia kwa kicheko: jamii za guariba zenye mfupa mkubwa wa koo, yaani zenye sauti nzito zaidi, madume yake yana korodani ndogo zaidi. Penye dume mmoja anayetawala majike, nguvu zimewekwa kwenye sauti. Penye madume wengi ndani ya kundi moja, zimewekwa kwingine.

Hata hivyo sikushauri upange safari ya mbali kwa ajili ya guariba peke yake. Yuko karibu kila mahali Amazoni. Ukimfuata yeyote kati ya wale watatu wengine, guariba utampata bila kulipia zaidi. Anayefaa kumweka mbele ni mtu wa sauti: mtangazaji wa redio, mrekodi, au mtu ambaye macho yake hayampi tena raha ya darubini. Kwake hakuna kima mwingine duniani atakayemshinda huyu. Tahadhari moja tu: usisimame chini ya kundi lililokuona. Hujisaidia juu ya watu, na wengi waliokumbwa wanasema alilenga.

Leoncito, mnywa utomvu

Huyu ndiye kima mdogo kuliko wote duniani. Mtu mzima ana gramu mia moja na kidogo, mwepesi kuliko simu unayosomea makala haya. Kwa meno ya chini hutoboa gome la mti, akaondoka, akarudi baadaye kulamba utomvu uliotoka. Mti anaoutumia muda mrefu huwa na mamia ya vitobo, gome lote limechakaa, na ishara hiyo ndiyo mwongozaji huitafuta, si mnyama mwenyewe.

Hapa ndipo mlo unapokufanyia kazi nzuri. Familia nzima ya leoncito huishi kwenye eneo lisilofika hata hekta moja, karibu na kingo za mito na maziwa, hadi mti uishiwe ndipo wahamie mwingine. Mwongozaji aliyempata wiki iliyopita atampata na leo. Hakuna kima mwingine wa Amazoni ninayeweza kukuambia hivyo. Ugumu ni mmoja, kumtambua. Akihisi hatari huganda kwenye shina, na manyoya yake ya kahawia na njano ni rangi ile ile ya gome. Watu husimama mita chache kutoka kwake wakaondoka wakisema hapakuwa na kitu.

Mahali pa kumfuata, kwa maoni yangu, ni hifadhi ya Cuyabeno, mashariki mwa Ecuador, iliyoanzishwa 1979. Kutoka Quito unakwenda Lago Agrio kwa basi la usiku, kisha gari hadi kwenye daraja la mto Cuyabeno, kisha mtumbwi wa injini hadi maziwani. Ni safari nafuu ukilinganisha na hifadhi za Manu, Peru, au Mamirauá, Brazil, na ndani yake unapata pomboo wa mtoni na kima wa aina nyingine kadhaa. Wenyeji ni Wasiona, Wasecoya, Wacofán na Wakichwa, na vijana wao wengi ndio waongozaji.

Wepesi huu wa kumpata ndio pia unaomponza. Stella de la Torre, mtafiti wa Ecuador, pamoja na Charles Snowdon, wamefuatilia makundi ya leoncito kwa miaka na kuonyesha kwamba shughuli za watu, utalii ukiwamo, hubadilisha mwenendo wao. Kundi linaloishi kwenye mti mmoja halina pa kujificha na mashua zinazokuja kila asubuhi. Kwa hiyo ukiona mwongozaji anapiga sauti ya kurekodi ili wamsogelee, au anaisogeza mashua hadi majani yanagusa uso, mwambie arudi nyuma. Hatakasirika, mara nyingi anafanya hivyo akidhani ndilo unalotaka.

Neno kwa wale wanaomtafuta mtandaoni si kwa safari bali kwa kununua, maana picha zake akiwa amekumbatia kidole cha mtu zimeenea mno. Huyu ni mnyama wa familia. Huzaa pacha, na baba na ndugu wakubwa husaidia kubeba watoto mgongoni. Akitolewa kwenye kundi na kuwekwa sebuleni kwa maziwa na ndizi huugua upesi. Biashara yake kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na anayekuuzia bila karatasi amemtoa mtini kwa wizi. Kwenye ulinganisho huu hayumo kama mnyama wa kufuga, na wala hao watatu wengine hawamo.

Maquisapa, mla matunda

Mweusi wote, mikono na miguu mirefu kuliko inavyostahili, na mkia ambao ni mkono wa tano kweli kweli: chini yake pana sehemu isiyo na manyoya, yenye mistari kama ya kidole, inayoshika tawi barabara. Mtu aliyezoea mbega ataona kitu kingine. Maquisapa hana dole gumba. Mbega naye hana. Hawakurithishana, kila mmoja alilipoteza kivyake, upande wake wa bahari. Kwa maquisapa inaelezwa kwamba mkono uliobaki kuwa ndoano huning'inia na kurukia tawi jingine haraka zaidi.

Karibu chakula chake chote ni matunda yaliyoiva, na matunda yaliyoiva hayangoji. Ndiyo maana kundi lake halitembei pamoja. Asubuhi hugawanyika vikundi vya wawili, watatu, watano, kila kimoja na njia yake, kisha huungana penye mti wenye shibe. Ukitembea msituni kutwa unaweza usione hata mmoja, kisha kesho ukakaa chini ya mti mmoja wakaja kwa zamu mpaka shingo ikakuuma.

Siri basi ni kukaa, si kutembea. John Terborgh, aliyefanya kazi miaka mingi katika kituo cha Cocha Cashu ndani ya hifadhi ya Manu, alionyesha kwamba msimu wa kiangazi matunda yanapopungua, kima wa huko huponea kwenye mimea michache, hasa miti ya jamii ya mkuyu na baadhi ya michikichi. Mwulize mwongozaji swali moja tu siku ya kwanza: kuna mkuyu unaozaa karibu? Kama upo, mengine yote kwenye ratiba yanaweza kusubiri.

Maeneo ni mawili, yote kusini mashariki mwa Peru. Manu, hifadhi ya taifa tangu 1973, ni kubwa na ya mbali; kutoka Cusco unashuka milima ya Andes kwa gari ndipo ushike mashua. Tambopata ni rahisi: ndege hadi Puerto Maldonado, na jioni hiyo hiyo uko mtoni. Kwa mtu mwenye wiki moja nampeleka Tambopata bila kusita. Manu ni ya mwenye muda na anayetaka kuona kima wasiojua bunduki.

Hilo la bunduki ndilo linalotenganisha mahali na mahali. Maquisapa huzaa mtoto mmoja, na hukaa miaka mitatu hivi kabla ya mwingine. Mnyama wa namna hiyo, tena mwenye nyama nyingi na anayejitokeza wazi, huisha upesi palipo na wawindaji. Yeye yumo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Palipo na amani hukutisha kwa kukuvunjia matawi na kukurushia. Palipowindwa hunyamaza, hujificha, na husikii hata jani. Ukipata chumba cha bei poa karibu na mji na mwenyeji akakuambia "maquisapa wapo", muulize kama huwa wanarusha matawi.

Na usijidai kutambua jinsia mbele za watu. Jike la maquisapa lina kinembe kirefu kinachoning'inia, na wageni wengi wamehesabu majike kuwa madume.

Uakari, mvunja mbegu

Nimemweka mwisho kwa makusudi. Huyu ndiye watu hupenda picha yake na kumkosa wakifika.

Kipara, uso mwekundu wa kung'aa, mwili umefunikwa na manyoya marefu, na mkia mfupi wa sentimita 15 hivi usioshika chochote. Katika bara ambalo kima wake wote wengine wana mikia mirefu, yeye anaonekana amesahauliwa. Ngozi ya uso haina rangi yake yenyewe. Wekundu ni damu kwenye mishipa midogo iliyo karibu na juu. Anayeumwa hupauka, malaria ikiwamo, na watafiti wengi huona kwamba uso mwekundu ni tangazo la afya kwa anayetafuta mwenzi. Wabrazili wa mtoni humwita pia "kima Mwingereza", na hawahitaji kukueleza sababu.

Mweupe wa manyoya anaishi kwenye pembe ya msitu iliyo kati ya mto Solimões na mto Japurá, Brazil. Mwekundu wa manyoya yuko magharibi zaidi, Peru ikiwamo, ambako humwita huapo colorado. Zamani wote walihesabiwa jamii moja yenye matawi. Utafiti wa vinasaba uliotolewa 2022 umewagawa kuwa jamii kadhaa.

Sasa mlo. Meno yake ya pembeni yametanuka kwa nje, na taya zake zina nguvu ya kupasua ganda ambalo kima wengine hulipita. Anakula mbegu za matunda mabichi, kabla hayajaiva na kabla wengine hawajayataka. Msitu anaoishi ni ule unaofurikwa na maji meupe yenye udongo wa Andes; huko Mamirauá maji hupanda mita 10 na zaidi kila mwaka. Miti mingi huzaa wakati wa mafuriko ili matunda yadondoke majini, samaki wale na wazisambaze mbegu. Samaki aitwaye tambaqui, kwa mfano, hungoja chini ya mpira wa porini mbegu zikianguka. Uakari huwahi kabla yao, akiwa juu.

Kwa hiyo kundi lake, ambalo linaweza kuwa la makumi kadhaa na kule Peru kupita mia, huzunguka kwenye mamia ya hekta, likigawanyika na kuungana, likifuata miti isiyoiva. Linganisha na leoncito mwenye chini ya hekta moja, utaona kwa nini mmoja unamwona kwa miadi na mwingine kwa bahati. Maji yakipungua mambo hubadilika: uakari hushuka hadi chini kabisa, akaokota mbegu na kutafuna miche inayochipua kwenye tope.

Mtu aliyetufahamisha haya ni José Márcio Ayres, Mbrazili, aliyeanza kumfuatilia uakari mweupe mwaka 1983 kwa ajili ya shahada ya uzamivu Cambridge. Kabla yake kulikuwa na maelezo ya Henry Walter Bates, Mwingereza aliyekaa Ega, mji ambao leo unaitwa Tefé, katika miaka ya 1850. Ameeleza jinsi wenyeji walivyowakamata hai kwa mishale ya sumu iliyozimuliwa, mnyama akianguka anatiwa chumvi mdomoni azinduke. Ayres alikwenda mbali zaidi ya kuandika. Kutokana na kazi yake Mamirauá ilitengwa 1990, na 1996 ikawa hifadhi ya maendeleo endelevu, ya kwanza ya aina yake Brazil, zaidi ya hekta milioni moja, ambamo wavuvi na wakulima hawakufukuzwa bali walipewa sehemu ya kuisimamia. Sisi tunaojua jinsi hifadhi nyingi za huku zilivyoanza kwa kuhamisha watu tuna cha kujifunza pale, na kwangu hiyo ni nusu ya sababu ya kwenda. Ayres alifariki 2003.

Unafika hivi: Manaus, kisha ndege fupi hadi Tefé, au boti ya abiria ya siku mbili hivi ukiwa kwenye machela yako ya kamba. Kutoka Tefé mashua ya mwendo kasi inakupeleka kwenye nyumba ya wageni inayoelea, Pousada Uacari, inayoendeshwa kwa ushirikiano na vijiji vya hifadhi. Vyumba ni vichache.

Nenda Mei hadi Julai, maji yakiwa juu. Hapo hutembei, unapiga kafi katikati ya miti, na kwa kuwa maji yamekuinua mita kumi, vilele havipo mbali tena. Ndio wakati wenye matunda mengi pia. Jagwa nao, kwa kukosa ardhi, huishi juu ya miti kwa miezi kadhaa, jambo ambalo huko Mamirauá limechunguzwa vizuri. Maji yakipwa, Septemba hadi Novemba, utatembea kwa miguu, utaona mamba na ndege kwa wingi, lakini uakari anakuwa wa bahati zaidi.

Yule mwekundu wa Peru? Yupo bonde la mto Yavarí, mpakani na Brazil, na sehemu za Lago Preto zinajulikana kwa makundi makubwa. Ila ni safari ya mashua ndefu kutoka Iquitos, yenye kupanga mafuta, chakula na vibali. Ni ya mtu ambaye ameshakwenda Mamirauá na bado ana hamu.

Wakiwekwa pamoja

| | Guariba | Leoncito | Maquisapa | Uakari mweupe |
|---|---|---|---|---|
| Mlo mkuu | majani | utomvu | matunda mabivu | mbegu za matunda mabichi |
| Mkia unaoshika | ndiyo | hapana | ndiyo | hapana, tena mfupi |
| Pa kwenda | popote Amazoni | Cuyabeno, Ecuador | Tambopata au Manu, Peru | Mamirauá, Brazil |
| Nafasi ya kumwona | kubwa. Kumsikia karibu hakika | kubwa ukiwa na mwongozaji | nzuri penye mti unaozaa | ya wastani maji yakijaa, ndogo yakipwa |
| Anayemfaa | mtu wa sauti | mwenye siku chache au watoto | mwenye subira ya kukaa | mwenye subira na fedha |

Jedwali halisemi kila kitu. Mpiga picha, kwa mfano, atadhani leoncito ni rahisi kwa kuwa hahami. Kumbe kwenye giza la kingo za mto, na mnyama wa gramu mia, picha nzuri ni ngumu kuliko ya guariba aliyelala kwenye jua la asubuhi. Mwenye watoto nampeleka Cuyabeno tu, maana mtoto anayesubiri mtumbwini kwa muda wa saa nne kumtafuta uakari atamchukia uakari. Mwanafunzi wa bayolojia anayetaka kuona jinsi mlo unavyounda mwili aende Manu, ambako jamii nyingi za kima zinaishi msitu mmoja na tofauti zao zinaonekana ndani ya siku moja.

Rangi nazo zina jambo. Kima wote wa Afrika na Asia, kama sisi, huona nyekundu na kijani tofauti. Kwa kima wa Amerika, guariba ndiye peke yake ambaye dume na jike wote wanaona hivyo kwa kawaida. Kwa maquisapa, madume na sehemu ya majike hawazitofautishi. Ile dhana kwamba ukivaa nguo ya kijani kima hakuoni haina mashiko. Wanaona mwendo, na wanasikia.

Njia na afya kwa anayetoka huku

Kutoka Afrika Mashariki, Brazil ndiyo yenye njia nyepesi, kwa sababu Ethiopian Airlines inaruka kutoka Addis Ababa hadi São Paulo, na kutoka hapo unaunganisha hadi Manaus. Brazil ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi, ni nafuu kubwa kwa mambo ya viza. Kwa Peru na Ecuador uliza mapema, na tazama pia masharti ya nchi utakazopitia kubadili ndege, kwani hapo ndipo watu wa pasipoti zetu hukwama.

Chanjo ya homa ya manjano ipate angalau siku kumi kabla. Tanzania itakudai kadi unaporudi kutoka nchi hizo, na tangu 2016 kadi hiyo inahesabika ya maisha. Ugonjwa wenyewe ulitoka Afrika, ukavuka na meli za watumwa pamoja na mbu wake. Kima wa huku wameishi nao muda mrefu na kwa kawaida hawafi. Guariba hawana kinga. Mlipuko wa 2016 hadi 2018 kusini mashariki mwa Brazil uliua maelfu ya guariba, na wengine wakauawa na watu waliodhani wao ndio waambukizaji, ilhali guariba aliyekufa chini ya mti ni onyo la mapema kwamba kirusi kimefika. Ukimwona, usimguse, toa taarifa.

Malaria ya kule nyingi ni ya vimelea vya aina ya vivax, si falciparum tuliyoizoea. Vivax hujificha kwenye ini na kuibuka baada ya miezi, kwa hiyo homa ikikupata nyumbani muda mrefu baada ya safari, mtajie daktari ulikokuwa, hata asipouliza.

Mimi ningekuwa na safari moja tu na tarehe za kuchagua mwenyewe, ningekwenda Mamirauá mwezi Juni, nikijua naweza kumkosa uakari, kwa sababu guariba watakuwapo, na pia kima mdogo mweusi mgongoni aitwaye kisayansi Saimiri vanzolinii, ambaye Ayres ndiye aliyemtambulisha 1985 na hapatikani popote nje ya eneo lile. Mwenye likizo isiyosogezwa ya Oktoba amwache uakari. Akate tiketi ya Lima, aunganishe Puerto Maldonado, aulize habari za mkuyu. Na mwenye bajeti ya kubana, Cuyabeno, mwongozaji mwenyeji, na mashua isimame mbali na mti.